Ndizi Haina Mbegu, Ina Watoto: Hesabu ya Ajabu ya Kromosomu za Mimea

Tazama sahani ya asubuhi ya mtu wa Mombasa: mahamri, mbaazi za nazi, na chai pembeni. Ngano iliyotoa unga wa hamri ina kromosomu 42 katika kila seli ya mwili wake. Mbaazi ina 22. Mnazi una 32, mchai 30. Sukari imetoka kwenye muwa, nao muwa unaolimwa siku hizi hubeba kati ya 100 na 130, wala aina moja ya muwa si lazima ilingane na nyingine. Wewe unayekula una 46.

Zipange hesabu hizo upendavyo, hutapata ngazi ya vyeo. Muwa haumzidi akili anayeutafuna, na mbaazi si nusu ya ngano. Lakini pia si tarakimu zilizookotwa njiani. Kila moja ni kumbukumbu ya mambo yaliyoupata ukoo wa mmea ule: ndoa za mbali, migawanyiko iliyokwama katikati, vipande vilivyokatika na kuungwa mahali pengine.

Mimi swali hili lilinianzia sokoni Kongowea. Mpwa wangu wa miaka 7 alikuwa ametoka kutema kokwa za tikiti, akapewa ndizi, akaimenya akaichunguza huku na huku. Akauliza mbegu ya ndizi iko wapi. Mama aliyekuwa akikata chane kutoka kwenye mkungu alimjibu bila kuinua macho: "Ndizi haina mbegu, mwanangu. Ina watoto."

Jibu lile lina sayansi nyingi kuliko anavyodhani aliyelitoa. Ikate ndizi mbivu vipande vya mviringo, utaona vidoa vyeusi katikati. Hivyo ndivyo vilivyokusudiwa kuwa mbegu, vikakwama. Mgomba wa mwituni, kule Asia ya Kusini-Mashariki, matunda yake yamejaa mbegu nyeusi ngumu za kuvunja jino, na nyama ya kula ni haba. Huu wetu wa shambani huendelezwa kwa watoto wanaochipuka shinani. Ili kuelewa kilichozizima zile mbegu, hatuna budi kuingia ndani ya seli.

Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwa na kufungwa vizuri, na jeni zimejipanga juu yake kwa mfuatano maalumu. Mmea wa kawaida huwa na seti mbili: moja imetoka kwa mama kupitia yai, nyingine kwa baba kupitia chavua. Kwa hiyo kila kromosomu ina mwenziwe, wa urefu uleule, mwenye jeni zilezile kwa mpango uleule. Mwili unapokua tu, wenzi hao hawana haja ya kuonana. Haja inakuja ua linapotengeneza chavua na mayai. Hapo ni lazima seti mbili zirudi kuwa moja, la sivyo kila kizazi kingekuwa na kromosomu maradufu ya kilichotangulia. Basi kila kromosomu humtafuta mwenziwe, hulala naye ubavu kwa ubavu, hubadilishana vipande, kisha huachana, mmoja huku na mmoja kule.

Fikiria makubadhi mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Mtu ameambiwa ayapange kwenye rafu mbili, kila rafu ipate kubadhi moja ya kila jozi. Kazi nyepesi: ashike hili, atafute la pili, moja kushoto, moja kulia. Sasa mletee makubadhi matatu ya kila sampuli badala ya mawili. La tatu aliweke wapi? Hapa ataliweka kushoto, pale kulia, na mwisho rafu zote mbili zitakuwa vurugu.

Hilo ndilo lililoupata mgomba. Seti moja ya mgomba ina kromosomu 11. Wa mwituni una seti mbili, yaani 22. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu, yaani 33. Kila aina ya kromosomu ina wenzi watatu, na wakati wa kuachana wawili wanakwenda upande mmoja, mmoja upande wa pili. Tukichukulia kwamba kila moja ya zile aina 11 hujigawa kwa bahati nasibu, uwezekano wa seli kutoka na seti kamili, ya 11 au ya 22, ni mara moja katika 1,024. Zilizobaki hutoka na hesabu iliyopinda, jeni hizi zimezidi na zile zimepungua, na chavua au yai la namna hiyo kwa kawaida halifiki popote.

Tunda linakua hata hivyo, kwa sababu wakulima wa kale walichagua migomba ambayo tunda lake hunenepa bila kusubiri mbegu. Zikiunganishwa hizo mbili, utasa na tunda lisilongoja uchavushaji, unapata kitu cha kumpa mtoto bila hofu ya kumkaba.

Wataalamu huzipa seti za mgomba herufi. A ni ya Musa acuminata, B ni ya Musa balbisiana, na hao ndio wazee wawili wa ndizi nyingi za kulimwa. Mkono wa tembo ni AAB. Bokoboko ni ABB. Cavendish, ile ndizi ndefu ya kwenye maduka makubwa duniani kote, ni AAA. Utaona kwamba neno "ndizi" limekusanya chini yake viumbe ambao hata hesabu ya urithi wao haifanani.

Sasa, wazazi wenye seti mbili huzaa vipi mtoto mwenye tatu? Mmoja wao alikosea kugawa. Katika mimea mingi hutokea mara mojamoja kwamba seli ya uzazi inatoka bila kupunguzwa, imebeba seti zote mbili, hasa hali ya hewa inapouelemea mmea kwa joto au baridi. Yai lenye seti mbili likikutana na chavua yenye moja, mtoto ana tatu. Na hapa pana habari ambayo sisi watu wa pwani tungepaswa kuijua zaidi. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba Cavendish, pamoja na Gros Michel iliyotawala biashara ya ndizi kabla yake, zilipata ile sehemu yao ya seti mbili kutoka kwa mzazi wa kundi moja liitwalo Mlali. Ni ndizi za seti mbili, na wanakundi wake wanalimwa Komoro na Zanzibar. Haimaanishi kwamba ndoa yenyewe ilifungwa huku. Ukoo wa Mlali asili yake ni visiwa vilivyo kati ya Java na New Guinea. Lakini ndugu wa mzazi yule wamo mashambani mwetu, wakati walimwengu wanamjua mtoto peke yake.

Utasa huu una gharama. Migomba yote ya Cavendish ni nakala za mti mmoja, kwa hiyo kinachouua mmoja kinaweza kuiua yote. Gros Michel iliondolewa sokoni na ugonjwa wa Panama, unaoletwa na kuvu, katikati ya karne ya 20, na mwaka 2013 aina mpya ya kuvu ule, ambayo Cavendish haiiwezi, iliripotiwa Msumbiji. Mtafiti anayetaka kuzalisha mgomba mpya wenye kinga anahitaji mbegu, na mbegu ndiyo isiyopatikana. Hulazimika kurudi kwa wale wenye seti mbili, ambao bado hutoa chavua ya kuaminika.

Tukiiacha ndizi, utasa wa kukosa jozi hauhitaji seti tatu. Unaweza kuwa na seti mbili ukakosa wenzi vilevile, ikiwa seti moja imetoka kwa jamii moja na ya pili kwa jamii nyingine. Makubadhi ni mawili, lakini hili la ngozi, lile la plastiki.

Hilo alilikuta Georgy Karpechenko, mtaalamu wa Umoja wa Kisovieti, katika miaka ya 1920. Alimwoza figili kwa kabichi. Kila mmoja ana kromosomu 18, kwa hiyo chotara wao alipata 9 kwa huyu na 9 kwa yule, jumla 18, na karibu zote hazikutambuana. Chotara alikuwa tasa, isipokuwa mbegu chache mno. Mbegu zile zilipooteshwa, mimea yake ilikuwa na 36. Seli zisizopunguzwa zilikuwa zimekutana, zikaleta seti mbili za figili na mbili za kabichi. Ghafla kila kromosomu ina mwenziwe, na mmea unazaa bila shida. Kwa mlaji haukuwa na faida, kwani hukupata kichwa cha kabichi wala figili ya kula. Ila alikuwa ameunda jamii mpya ya mmea, isiyozaana vizuri na mama wala baba. Serikali ya Stalin ilimpiga risasi mwaka 1941.

Asili imekuwa ikiifanya kazi hiyo muda mrefu kabla yake, na ushahidi wake ni lile hamri. Seti moja ya ngano ina kromosomu 7. Hapo zamani nyasi mbili za Mashariki ya Kati, zenye 14 kila moja, zilichanganyika na kujirudufu, zikatoa ngano ya 28. Ukoo huo ndio unaotupa ngano ngumu ya tambi na makaroni hadi leo. Kisha, yapata miaka 8,000 hadi 10,000 iliyopita, ngano ya 28 iliyokuwa ikilimwa ikakutana na gugu la kondeni, lenye 14. Mchanganyiko ukajirudufu tena, ikatoka ngano ya mkate, yenye 42. Kwa hiyo chapati ni karamu ya nyasi tatu. Tambi, mbili.

Utauliza: seti tatu za ndugu wa karibu zikiwa ndani ya seli moja, kila moja kwa jozi, mbona hazichanganyani? Seti za ngano nazo zimepewa herufi zake, A, B na D, zisizohusiana na zile za mgomba, na kromosomu ya kwanza ya seti A inafanana sana na ya kwanza ya B na ya D. Jibu ni kwamba ngano ina jeni maalumu, iliyo kwenye kromosomu ya tano ya seti B, inayosimamia ndoa kama kadhi mkali: A kwa A, B kwa B, D kwa D, binamu hapana. Watafiti wakiiondoa jeni hiyo, binamu huanza kukumbatiana na uzazi huharibika. Nakiri kwamba katika habari yote hii, hiyo ndiyo inayonistaajabisha kuliko nyingine.

Ukoo wa kabichi nao una hesabu zake, za kupendeza kwa wanaopenda kujumlisha. Mwaka 1935 Woo Jang-choon, Mkorea aliyekuwa akifanya kazi Japani, alionyesha kwamba jamii sita za ukoo huo zinatokana na tatu tu. Sukumawiki na kabichi zina 18. Jamii ya kabichi ya Kichina ina 20. Haradali nyeusi ina 16. Jumlisha 20 na 16, unapata 36, ambayo ni haradali ya kahawia inayotiwa kwenye achari. Jumlisha 18 na 16, unapata 34, ambayo ni kanzira, mboga ya asili ya Ethiopia inayopendwa magharibi mwa Kenya.

Mtu huweza kudhani haya ni ya kale, yamekwisha. Hapana. Mwanzoni mwa karne ya 20, maua ya jenasi ya Tragopogon yaliletwa Marekani kutoka Ulaya, yakasambaa kandokando ya barabara katika jimbo la Washington. Yana kromosomu 12. Mwaka 1950 Marion Ownbey alitangaza jamii mbili mpya zenye 24, zilizozaliwa palepale na zisizokuwepo Ulaya. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2009, karibu asilimia 15 ya matukio ya kuzuka kwa jamii mpya katika mimea ya maua yameambatana na kuongezeka kwa seti, na katika jamaa za madole, yaani kangaga, mimea isiyotoa maua, asilimia 31.

Kurudufu ni njia ya kuzidi. Zipo pia njia za kupungua na kujipanga upya, na hapa mfano wa makubadhi hautufai tena. Nitatumia juzuu. Msahafu unaweza kujaladiwa kitabu kimoja, au ukagawanywa juzuu 30 kama zinavyogawiwa watu kwenye khitima. Maneno ni yaleyale, hayakuzidi wala kupungua. Kilichobadilika ni idadi ya majalada. Kromosomu nazo hufanya hivyo: mbili huungana zikawa moja, au moja hukatika ikawa mbili, na jeni karibu zote zikabaki. Mmea mdogo wa Arabidopsis, unaofugwa na maabara za dunia nzima, una jozi 5, hali ndugu zake wa karibu wana 8. Wataalamu wamefuatilia jeni kwa mfuatano wake wakaona ni sura zilezile, zimejaladiwa upya.

Kuunganisha kuna sharti lake. Kila kromosomu ina kifundo kiitwacho sentromia, ambapo nyuzi za seli hushika na kuivuta wakati wa kugawana. Ikiwa na vifundo viwili huvutwa pande mbili ikakatika, na kipande kisicho na kifundo hupotea. Ndiyo maana kukatika kwa kromosomu, kwa mimea mingi, ni msiba. Isipokuwa kwa jamaa za ndago. Ndago ni lile jani linaloudhi kila mwenye bustani, uking'oa leo limeota kesho. Ukoo wake hauna kifundo kimoja: kromosomu nzima inashikika, kuanzia ncha hadi ncha. Kipande kikikatika, chenyewe kinavutwa salama. Hivyo katika ukoo huo hesabu hupanda na kushuka mojamoja bila maafa, na ndago yenyewe imefika 108. Kama unaichukia bustanini, sasa unayo sababu ya kuiheshimu kidogo.

Mahindi yamepita njia zote mbili. Mtama una 20, na mahindi yana 20, ukiangalia juujuu utasema hakuna lililotokea. Lakini baada ya ukoo wa mahindi kuachana na ule wa mtama, mamilioni ya miaka iliyopita, mahindi yalirudufu seti zake zote. Kisha kromosomu zikaungana na kujipanga upya, jeni nyingi zilizokuwa za ziada zikaachwa njiani, hesabu ikarudi 20. Sima unayokula imetoka kwa mmea uliopanda mlima ukashuka, na hesabu peke yake isingekwambia. Ilibidi jeni zisomwe moja baada ya nyingine. Mimea yote ya maua ina marudufu ya kale ya namna hiyo katika nasaba yake, hata ile inayoonekana ya kawaida kabisa.

Kuhesabu kwenyewe kuna adha. Huchukuliwa ncha ya mzizi mchanga, mahali seli zinapogawanyika kwa wingi, ikatiwa dawa ya kuzisimamisha katikati ya kugawanyika, ikapakwa rangi na kupondwa juu ya kioo. Kitunguu, chenye kromosomu 16 kubwakubwa, mwanafunzi wa sekondari anaziona. Lakini nenda kwenye ile mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, Mombasa, inayotazama meli zikiingia mlangoni. Kromosomu za mbuyu ni vidoti, na kwa miaka mingi watafiti walitoa hesabu tofauti kabla ya kutulia kwenye 168, katika seti nne. Mibuyu ya Madagaska, ndugu zake, ina seti mbili tu na kromosomu 88. Utaona kwamba 168 si 88 mara mbili. Tayari unajua kwa nini si lazima iwe hivyo.

Upeo wa chini kabisa unaojulikana kwa mimea ni kromosomu 4, na mmojawapo wa wenye hesabu hiyo ni mmea mdogo wa Marekani wa jamaa ya alizeti. Juu kabisa upo mmea wa jamaa za madole uitwao Ophioglossum reticulatum, ambao umehesabiwa kuwa na zaidi ya 1,200. Ni mmea wa kukaa kiganjani.

Michikichi na mitende, kwa kulinganisha, ni watu wa kiasi. Mchikichi 32 kama mnazi, mtende 36, na karibu ukoo wote wa miti hiyo unazunguka hapohapo. Ila kaskazini-mashariki mwa Madagaska, katika msitu wa Masoala, upo mti wa ukoo wa mnazi uliotambulishwa kwa sayansi mwaka 1989. Wenyeji huuita voanioala, yaani mnazi wa msituni. Umehesabiwa kromosomu karibu 600, kupita mti mwingine wowote wa ukoo wake, matokeo ya kurudufu juu ya kurudufu. Mnazi wa 32 umevuka bahari ukajaa pwani zote za joto, kuanzia kwetu hadi Pasifiki. Huyu wa 600 amebaki kwenye vibonde vichache vya msitu ule mmoja, na miti yake mikubwa iliyohesabiwa haifiki 20.